Malkia Berisa Akataa Kufa

Anshel Tirnauer alilelewa katikati ya vichwa. Shangazi yake Gitl alikuwa msusi wa mawigi huko Boro Park, mtaa wa Wayahudi wa dini wa Brooklyn, na chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba, unakishukia kwa ngazi kutoka jikoni: meza ndefu, taa kali, na vichwa vya sponji vilivyovaa nywele za wake za watu. Mke wa mtaa ule hufunika nywele zake tangu siku anapoolewa, na wengi hufunika kwa wigi, kwa hiyo Gitl hakukosa kazi. Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, wanawake walipanga foleni hadi jikoni, kila mmoja na haraka yake na umbea wake.

Mama yake Anshel alifariki mtoto akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Baba yake, mtu wa vitabu na ukimya, alimpeleka kwa dada yake akasema ni kwa muda. Muda ule haukwisha. Mtoto alisoma Torati yake chini ya meza, nywele zikimdondokea kwenye kurasa, na juu ya meza redio ikiimba. Gitl alipenda stesheni ya muziki wa kale wa Ulaya kwa sababu, alisema, hao hawakatizi wimbo kutangaza magodoro. Sheria yao haimruhusu mwanamume kumsikiliza mwanamke akiimba, basi mteja akija na mumewe Gitl alikohoa na redio ikazimwa. Lakini Anshel, Gitl alimwacha asikilize.

“Huyu bado si mwanamume,” aliwaambia wateja. “Huyu ni sikio tu.”

Sikio lile halikujua neno hata moja la Kiitaliano. Lilijua tu kwamba kuna mwanamke anateseka kwa sauti nzuri, na mdomo ukamfuatisha. Anshel alipobalehe sauti yake ilishuka kama za wenzake, ila ile ya juu nayo haikuondoka. Ilibaki ghorofani kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Gitl mwenyewe hakuwa na watoto, na sababu yake mtaa mzima uliijua. Mumewe, Hershl, alitoka asubuhi moja na sanduku dogo akisema anakwenda Antwerp kufuata biashara ya almasi, asirudi. Kwa Wayahudi wa dini, ndoa haivunjiki mpaka mume ampe mkewe hati ya talaka mkononi, kwa hiari yake. Asipompa, mwanamke yule si mke, si mjane, si huru. Wenyewe humwita aguna, aliyefungwa mnyororo. Gitl alifungwa akiwa bibi harusi wa juzi, akafunguliwa na mvi kichwani, baada ya marabi kumpata Hershl kitandani, mgonjwa, akiogopa kufa na dhambi ile. Umri wa kuzaa ulikuwa umeshampita. Hakuolewa tena. Alisema amesubiri watu vya kutosha, sasa hata fundi bomba akichelewa anamfungia mlango.

Anshel alipofika umri wa kuoa aliozwa binti mpole aitwaye Raizl. Waliishi kwa adabu, kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja kwa makosa, kila mmoja akiogopa kumsumbua mwenzake. Mwishowe Anshel akamwambia mkewe ukweli, kisha akashuka ngazi za shangazi yake.

“Shangazi, mimi moyo wangu uko kwa wanaume.”

Gitl alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye sponji. “Raizl anajua?”

“Nimemwambia.”

“Umempa hati yake?”

“Shangazi, umenisikia lakini?”

“Nimekusikia. Hilo ni lako na Mungu wako, mtakaa mtazungumza. Mimi nauliza la Raizl. Umempa talaka yake?”

“Baba anasema tungoje kidogo. Labda nitabadilika.”

“Labda!” Gitl alivua aproni. “Huyo Labda ndiye aliyenioa mimi. Vaa koti lako, twende kwa marabi sasa hivi.”

Raizl akapata hati yake, akaolewa na mwingine, akazaa. Baba yake Anshel aliacha kulitaja jina la mwanawe, na hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini. Anshel alihama mtaa, akanyoa ndevu, akabaki na mambo mawili: sauti ya ghorofani, na njia ya kwenda kwa shangazi yake.

Maisha yake mapya hayakuwa ya ajabu. Katikati ya wiki aliwafundisha watoto kughani Torati katika sinagogi la watu wa Park Slope, wale wanaokwenda kusali kwa gari siku ya Sabato bila wasiwasi, jambo ambalo Boro Park ni haramu. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye subira na peremende mfukoni. Aliishi na Nuno, Mreno wa Newark aliyepiga kinanda cha kizamani, kile chenye mlio kama vijiko vya fedha ndani ya droo. Na Jumapili, Anshel alivaa gauni, akajipaka rangi, akabandika kope ndefu, akapanda jukwaani kwa jina la Madam Cholent. Cholent ndicho chakula chao cha Sabato, nyama na maharage yaliyolala jikoni usiku kucha. “Kama mimi,” alikuwa akiwaambia watazamaji. “Napikwa polepole, na nikishaingia tumboni sitoki leo.”

Walikuwa watatu: yeye, Bibi Shmaltz, ambaye mchana alikuwa mfamasia, na Contessa Seltzer, dereva wa lori la maua. Waliimba opera za kale wakiwa wamevaa kike, na Nuno alipenda kusema kwamba hawakubuni jambo. Enzi zile, huko Italia, malkia wengi jukwaani walikuwa wanaume waliovaa marinda. “Sisi tunarudisha tu kitu cha watu mahali pake,” alisema.

Ndipo Nuno alipoileta opera ya Malkia Berisa, ya mtunzi ambaye hata Waitalia wamemsahau. Berisa ni malkia wa kisiwa. Mumewe amekwenda vitani hakurudi, na maiti haikuonekana. Wakwe wanamwambia asubiri, makasisi wanamwambia asubiri, naye anasubiri mpaka anaimba kilio kirefu na kufa. Anshel alisoma maneno yale jikoni, akarudia, akaenda kusimama dirishani.

“Kuna nini?” Nuno akamwuliza.

“Huyu si wa kisiwani. Huyu ni wa Boro Park.”

Basi akaanza kuigeuza. Maneno akayatia katika Kiyidi, lugha ya shangazi yake. Jumba la kifalme likawa jikoni. Marinda ya dhahabu yakawa gauni la mikono mirefu lililofungwa mpaka kooni. Na kile kilio akakitia mikwaruzo ya sinagogini, ile kwikwi ndogo ambayo mwimbishaji sala huiweka katikati ya neno, kana kwamba sauti imejikwaa kizingitini. Nuno aliogopa mwanzoni. Aliposikia, akaweka mikono mapajani akasema, “Endelea.”

Ikabaki nywele. Anshel akaenda Boro Park siku ya katikati ya wiki, wakati foleni ni fupi. Gitl alimwekea chai na biskuti ngumu, akarudi kwenye wigi lake.

“Nataka wigi la malkia,” Anshel akasema.

“Malkia wa wapi?”

“Wa kisiwa kimoja. Mumewe kaenda vitani, hajarudi. Hakuna aliyeiona maiti.”

Brashi ilisimama. “Kwa hiyo hawezi kuolewa.”

“Hawezi.”

“Wakwe wapo?”

“Wapo. Kila siku wanamwambia subira.”

“Hao nawajua.” Brashi ikaendelea. “Halafu?”

“Anaimba kilio, Shangazi, kizuri mno. Halafu anakufa.”

“Kwa ugonjwa gani?”

“Huzuni.”

Gitl aligeuka akamtazama juu ya miwani. “Mimi nimekaa na huzuni nyumba moja, Anshel. Naijua tabia yake. Inakukalisha kitako. Inakunenepesha. Inakufanya uwaseme dada za mume mpaka unajichukia mwenyewe. Lakini kuua? Haijaniua hata kwa bahati mbaya.”

“Ni opera. Lazima mtu afe.”

“Basi afe mume.”

Anshel alicheka, Gitl hakucheka. Alichana nywele zile kwa muda, kisha akauliza bila kugeuka, “Na huyo malkia ni mimi?”

“Nilitaka kukuomba ruhusa.”

“Umeomba wigi.”

“Naomba vyote viwili.”

“Wigi utapata. Hilo lingine nitakuja nijionee kwa macho yangu. Mnaimba Jumapili? Jumapili sina kazi.”

“Shangazi, nitakuwa nimevaa gauni. Na midomo nyekundu.”

“Mwanamume kuimba mbele ya mwanamke, hiyo ruhusa. La gauni, mwulize Mungu, mimi si karani wake.” Akachukua kipimo cha utepe. “Lete kichwa.”

Usiku wa mazoezi ya mwisho haukulaliwa kwa amani katika nyumba ya Anshel, kwa maana alikuwa amemwambia Nuno kwamba malkia hatakufa.

“Ule ndio wimbo bora kuliko yote,” Nuno akasema. “Ukiutoa, tumebaki na nini? Mabibi watatu jikoni na viazi.”

“Wimbo siutoi. Maiti ndiyo siitaki.”

“Sikiliza basi.” Nuno akakaa kwenye kinanda, akapiga kwa mkono wa kushoto peke yake. “Noti zinashuka. Unazisikia? Moja, nyingine, nyingine, mpaka chini kabisa. Mtunzi ameshamteremsha kaburini. Wewe utafanya nini, utasimama pembeni unampungia mkono?”

“Sijui,” Anshel akasema, na kweli hakujua.

Walifanya onyesho lao Manhattan, mitaa ya chini ya mashariki, katika ukumbi wa zamani wa chama cha washonaji wa Kiyahudi. Alasiri ile watu walijaa mpaka wengine wakakalia madirisha: vijana wenye nywele za bluu, wazee wa kiume walioshikana mikono kwa mazoea ya miaka, maprofesa, na mabibi wanaokijua Kiyidi waliokuja kusahihisha. Gitl alikuja na koti lake zuri na mkoba mapajani, akaketi nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kliniki. Kijana aliyeketi kando yake, mwenye sharubu, hereni za lulu na wigi lililokaa upande, akamsifia nywele.

“Wigi zuri, shoga.”

“Nimelitengeneza mwenyewe,” Gitl akasema. “Lako wewe umepewa na nani? Mrudishie.”

Onyesho likaanza, na sehemu ya kwanza ilikuwa kicheko tu. Bibi Shmaltz ndiye mama mkwe, na kila alipotaja subira watu walizomea kwa furaha. Lakini Madam Cholent alipotoka peke yake, na gauni lile jeusi, na wigi la hudhurungi lililopangwa kwa heshima ya mtu asiyetaka kusemwa, ukumbi ukatulia. Alianza kuimba. Alimwita mumewe kwa jina. Alimwuliza kama yu hai, na kama yu hai ana haya gani, na kama amekufa amtumie hata mfupa mmoja apate kuomboleza kama watu wengine. Sauti ilikuwa juu, nyembamba, safi, halafu kwenye kila jina ikajikwaa. Bibi mmoja wa Kiyidi akasahau kusahihisha.

Kisha noti za Nuno zikaanza kushuka. Hapo ndipo malkia alipotakiwa kulala kwenye kochi na kufumba macho. Anshel alisimama. Nuno, kule kwenye kinanda, alimwona amesimama na hakuweza kusimamisha mkono. Noti ikashuka, na Anshel akashuka. Jukwaa lilikuwa na ngazi za mbao upande wa kulia, na kila noti ilipoteremka naye akateremka ngazi moja, taratibu, mkono ukishika ukuta, namna Gitl anavyoshuka asubuhi akiwa na chai mkononi. Chini kulikuwa na meza ya vifaa vyao vya kujipambia. Akaketi. Akavua wigi mbele ya watu wote, akabaki na kichwa chake kifupi chenye jasho na kope ndefu, akaliweka wigi juu ya kichwa cha sponji, akashika brashi. Watu wachache walicheka, kisha wakaacha. Alichana. Muziki wa kaburini ukawa muziki wa mtu anayeshuka kazini. Na mlio wa mwisho ulipokwisha, Madam Cholent aliinua macho akawatazama wale mamia ya watu, akasema kwa Kiyidi, kwa sauti yake ya kawaida:

“Haya. Anayefuata.”

Nuno hakuinuka kuinama pamoja na wenzake. Alikuwa ameegemea kinanda na kitambaa usoni. “Ngazi,” alimwambia Anshel baadaye, pua nyekundu. “Miezi yote hii naziita kaburi, kumbe ni ngazi.”

Gitl alikuja nyuma ya jukwaa akiwa ameshikwa mkono na yule kijana wa hereni. Alimtazama mpwa wake toka kope mpaka viatu. “Brashi umeshika vibaya,” akasema. Halafu akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka rangi ya shavu ikahamia kwenye koti lake zuri, na hakuifuta.

Wakiwa hapo ndipo akaingia mwanamke mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, ameshika mlango kama anayeogopa kuonekana. Aliitwa Tzirl Blumenkranz. Alikuwa amemwambia dada yake kwamba anakwenda kununua viatu. Yeye na mumewe, Kornbluh, mwuza mazulia wa Flatbush, walikuwa wameachana kwa serikali zamani, lakini hati ya dini mume hataki kuitoa, na hasemi sababu. Marabi wamemwita, haendi.

“Nimecheka leo,” Tzirl akasema, “halafu nimelia, sasa sijui nirudije nyumbani.”

Gitl akamkalisha. “Umekwenda na watu mlangoni kwake?”

“Mara moja. Walisimama na mabango, wakapiga kelele. Akafunga madirisha.”

“Kelele atazizoea, hata mtoto wa jirani huzoeleka.” Gitl akawageukia wale watatu, waliokuwa wanajibandua kope. “Ninyi Jumapili ijayo mna kazi?”

“Hatuna,” Anshel akasema kwa wasiwasi. “Tuvae nini, Shangazi?”

“Nguo zenu za kazi.”

Jumapili ile Flatbush ilipata jambo la kuzungumza. Nuno alileta kinanda kidogo cha umeme, Contessa akaleta lori, na watatu wale wakasimama kwenye njia ya watembea kwa miguu mbele ya nyumba ya Kornbluh, marinda yakipepea, wakaimba kilio cha Berisa mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kila mahali pa jina la mume Anshel akatia jina la Kornbluh. Madirisha yalifungwa. Wakaanza tena.

Mtu mmoja mwenye kofia nyeusi akasimama ng’ambo. “Leo Purimu?” akauliza, maana Purimu ndiyo sikukuu yao ya kujigeuza sura.

“Kwa Kornbluh ni Purimu,” Gitl akamjibu. “Kwa mkewe ni saumu.”

“Lakini mama, aibu hii. Wanaume na magauni.”

“Aibu, sawa, tuiweke kwenye foleni. Aliyetangulia ni mwenye nyumba hii. Akishahudumiwa, nitawaleta hawa.”

Yule mtu alifikiri kidogo, kisha akavuka barabara akasimama upande wao, mbali kidogo na magauni, lakini upande wao.

Wakarudi Jumapili ya pili, na watu wakatoka na viti. Mwanamke wa nyumba ya pili alimletea Gitl mto wa kuegemea na sahani ya viazi vya kuoka. Mama yake Kornbluh alifungua mlango akauliza wimbo huu una urefu gani.

“Inategemea mwanao,” Gitl akamwambia.

Haikuwa rahisi kwa kila mtu. Picha zilisambaa kwenye simu, na huko Park Slope wazazi wawili wakawatoa watoto wao kwa mwalimu Anshel, ingawa wengine watatu waliwaleta kwa sababu hiyohiyo. Boro Park, baadhi ya wateja waliacha kuja kwa Gitl. Waliobaki walianza kuingia kwa mlango wa nyuma, wakitaka kusimuliwa. Anshel alimwomba radhi.

“Radhi ya nini?” shangazi yake akasema. “Walioondoka ndio waliokuwa wakibishana bei.”

Kornbluh hakulainika moyo. Kilichomshinda ni mama yake, aliyemwambia kwamba majirani wameshaanza kuujua wimbo, na kwamba mpangaji wa juu anauimba bafuni na jina lake ndani. Akaenda mbele ya marabi amenuna, akaidondosha hati ile mikononi mwa Tzirl bila kumtazama. Tzirl aliishika kwa mikono miwili, akatembea nayo hatua chache chumbani, kama inavyotakiwa kuonyesha kwamba ni yake, na marabi wakamwambia yu huru.

Alipotoka hakwenda kwa dada yake. Alipanda treni mpaka Boro Park, akashuka ngazi za Gitl. Anshel alikuwepo, amekuja kurudisha wigi la malkia lisukwe upya kwa ajili ya safari ya Philadelphia, maana walikuwa wameitwa huko. Akainuka kumpisha kiti.

“Nataka wigi jipya,” Tzirl akasema. “Si lazima nifunike tena, wanasema. Lakini nimezoea, na nataka. Nataka jekundu.”

Gitl aliwasha taa kali, akamshika kidevu, akageuza uso wake huku na huku. “Jekundu kama nini? Kuna jekundu la shaba, kuna la divai, kuna la kugombanisha watu.”

Tzirl alimtazama Anshel, naye akainua mabega, akicheka.

“Hilo la mwisho,” Tzirl akasema.